Redio Isiyo na Kitufe

Mafuta alipita mlangoni kwa fundi cherehani mmoja mjane, akamkuta anaizaba redio yake makofi. Pembeni friji jeupe lilikuwa linanguruma. Mafuta akasimama hapo hapo. Asubuhi mkewe alimwambia anataka kuuza barafu, na bila friji leo leo, yeye anarudi kwao. Begi lilikuwa limeshafungwa.

Waliomwita Mafuta hawakumwonea. Maneno yake yaliteleza, ukija kushtuka umeshayameza.

Akarudi baadaye na kidude cheusi, cha mviringo, laini kama yai.

"Mama, hii ndiyo redio ya siku hizi. Haina kitufe, haina mgongo wa kufungua. Unaongea nayo tu."

"Niongee na sufuria mimi?"

"Ijaribu."

Fundi akainama. "Wewe redio, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba! Jamani, ina adabu kuliko wakwe zangu."

Redio za zamani zilikuwa na mgongo. Unafungua skrubu, unaona nyaya, vumbi na mende aliyefia humo, unajua ugonjwa uko wapi. Hizi za sasa zimeng'arishwa pande zote. Ndani kunaweza kuwa na akili, kunaweza kuwa na kiatu. Ndani ya hii mlikuwa na simu ndogo iliyogandishwa kwa gundi, na upande wa pili wa simu alikaa mke wa Mafuta kitandani, anajibu.

"Pesa sitaki, mama. Tubadilishane na lile friji."

"Lile? Limenitunzia vitu miaka, mwanangu. Hakijaharibika hata kimoja."

Mafuta akalifungua. Taa ikawaka, upepo ukampiga usoni. Akaona vitambaa vimekunjwa. Mafundi wana mambo yao, akajisemea. Angechungulia zaidi, ila redio ilianza kukohoa.

"Inaumwa?"

"Vumbi tu, mama!"

Vitambaa vikatolewa mbio mbio, friji likapanda mkokoteni, na Mafuta huyoo, anapiga mluzi.

Fundi akabaki anashona na kupiga soga na redio yake.

"Kijana mwema yule. Roho inanisuta kidogo. Lile friji mashine yake ilikufa zamani, ikang'olewa yote. Mle nimeweka balbu na feni, vitambaa visiote ukungu."

Redio ikapiga kelele: "Feni?"

"Feni."

"Na barafu yangu je?"

Fundi akaweka mkasi chini. "Mwanangu, humo ndani wewe ni nani?"

"Mke wa huyo mjinga!"

Fundi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Wakaongea sana, wale wawili.

Mafuta akafika kwake, jasho linamtiririka. Mkewe alisimama mlangoni, begi begani, simu sikioni.

"Mke wangu, friji hilo!"

"Shika simu. Redio yako inakutaka."

Sauti ya fundi ikasema: "Mwanangu, friji baki nalo. Feni yangu mpe mkeo aje nayo. Kuanzia leo anashona huku kwangu."

Mkewe akafungua friji, akachomoa feni, akaikumbatia na begi lake, akashika njia.

Mafuta akabaki barabarani na friji lake. Lilikuwa jeupe, linang'aa, hata ungejitazamia uso.