Binti Yangu Anaondoka Kabla ya Kikombe cha Tatu

Gulele, Addis Ababa

Kwa Ato Wondwossen Bekele,
Mwandishi Mkuu wa tamthilia ya "Nyumba ya Ngazi Mbili"

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu na hongera kwa kazi. Mimi ni Yeshimebet Alemu, mjane, mama yake Fikirte, yule msichana mrefu anayekuandikia matukio ya vilio. Nakuandikia kwa heshima zote, maana wewe ndiye uliyemfundisha kazi, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia. Alikuja kwako akiwa binti mwenye adabu. Sasa ni mwandishi, na ufundi mliompa haubaki ofisini. Kila Jumapili anauleta nyumbani kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmemfundisha kwamba mwandishi mzuri huingia kwenye tukio likiwa limeshaanza na kutoka kabla halijaisha. Kwenye televisheni labda ni sawa. Kwangu kahawa ni vikombe vitatu, na cha tatu ndicho cha baraka. Anayeondoka kabla yake ameondoka mikono mitupu. Fikirte anaingia buni zimeshakaangwa na kutwangwa, ubani umeshazimika, kikombe cha kwanza tumeshakinywa. Anakunywa cha pili, anatazama dirishani, anaondoka. Nje mwanao Natnael anamsubiri garini, kijana mpole anayempa lifti, ambaye kila nikimkaribisha ndani anasema ana haraka na kuinamisha uso. Nadhani naye mmemfundisha hayo hayo.

2. Mmemwambia: usiseme, onyesha. Juzi nilimuuliza kama huwa ananikumbuka huko anakoishi. Alipanda kwenye kiti akabadilisha balbu ya jikoni. Kwa balbu nashukuru. Jibu bado nalisubiri.

3. Eti tukio lisilo na mvutano linakatwa. Tulikuwa tunazungumza kwa amani kuhusu bei ya vitunguu, mimi na jirani yangu Asnakech, wageni wengine wakichezea simu zao. Fikirte akaona hakuna kinachotokea, akamgeukia: "Shangazi, hivi mwanao Mesfin wa Ujerumani alipiga simu sikukuu?" Hakuwa amepiga, na Fikirte alijua. Asnakech alilia, akaenda kwake na bisi zangu zote, bakuli likiwamo. Nilipomgombeza binti yangu aliniambia nitazame jinsi kila mtu alivyoweka simu chini akasikiliza. Ni kweli waliweka chini, lakini bakuli halijarudi.

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mmemfundisha kuacha mambo yakining'inia ili mtazamaji arudi wiki ijayo. Tangu Pasaka, kila Jumapili akishasimama na mkoba begani, anageuka mlangoni na kusema, "Mama, kuna jambo kubwa nataka nikwambie." Kisha anatazama saa, anasema basi, Jumapili ijayo, na huyo anatoka. Sasa mtaa mzima unalijua. Asnakech amesamehe yote na anakuja na kigoda chake, pamoja na wanawake wa nyuma ya kanisa ambao hata majina yao siyajui. Wapo wanaosema ni mgonjwa, na wapo wanaosema anahamia Kanada. Wa Kanada ni wengi zaidi, na wameanza kuniletea sweta nimpe. Wao wanafurahia. Mimi, Ato Wondwossen, ninaogopa. Sina mtoto mwingine.

5. Halafu mkamuua Mama Zenebech. Gulele nzima inajua kwamba yule mama wa kwenye tamthilia ni mimi: shali yangu, goti langu bovu, hata birika langu la udongo lililomeguka mdomo. Jumatano akafa amelishika. Alhamisi asubuhi chama chetu cha kuzikana kikaja kwangu na turubai la msiba, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafungulia geti. Mwenyekiti alinitazama, akasema kwa kuwa viti vimeshashushwa, basi wakae kidogo. Walikaa mpaka jioni. Walinisifu sana, na baadhi ya sifa zilikuwa mpya kwangu. Nilimpigia Fikirte kumuuliza kwa nini ameniua.

"Si wewe, mama, ni mhusika," akasema. "Alikuwa hataki kitu tena. Mhusika asiyetaka kitu hana kazi kwenye hadithi."

Mimi nataka kitu. Nataka mwanangu anywe kikombe cha tatu akiwa amekaa.

Kwa hiyo naomba umwamuru, kama bosi wake, aandike tukio moja na kulitekeleza nyumbani kwangu. Aingie kabla buni hazijawekwa motoni. Aseme jambo lake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio, bila kutazama dirishani. Mvutano sihitaji, ninao wa kutosha. Ikishindikana, naomba Mama Zenebech afufuke, aje ofisini kwenu, na akae hapo mpaka apewe majibu. Niko tayari kuigiza mwenyewe. Shali ninayo.

Nisalimie mkeo, wapiga picha, na yule dada anayewapaka waigizaji poda. Mwambie maiti ilipendeza.

Mimi mwenye subira iliyobaki kidogo,
Weyzero Yeshimebet Alemu

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, Fikirte akaingia, na leo si Jumapili. Akakaa. Akakaanga buni mwenyewe. Tulikunywa vikombe vyote vitatu, na baada ya kile cha baraka akasema kila kitu tangu mwanzo, kwa mpangilio, kama nilivyoomba. Hakuna ugonjwa wala Kanada. Nililia kwa furaha. Lakini kwa kweli alisimulia vibaya sana. Alianza na hali ya hewa ya siku alipokutana na mchumba wake. Nilipoona anakaribia kulitaja jina la kijana, nilimziba mdomo kwa kiganja: "Hilo usiseme sasa. Ngoja Jumapili, Asnakech awepo na kigoda chake." Jina lenyewe wala silihitaji. Nilichungulia dirishani nikaona gari, na aliyekuwamo ameinamisha uso.

Basi futa kuanzia la kwanza hadi la tano, na Mama Zenebech mwache apumzike. Ila Jumapili njoo kunywa kahawa, na usichelewe. Mwambie Natnael kwamba safari hii ashuke garini.