Posa Yangu Inasubiri Dortmund Ishinde

Jumatano, 6 Februari 2019

Nina hasira mpaka chai hainipiti kooni. Jana Dortmund wametolewa Kombe la Ujerumani. Nyumbani kwao. Na Bremen! Tatu tatu baada ya dakika mia na ishirini, halafu penalti wanapiga kama wanafukuza kuku.

Mimi si shabiki wa Dortmund. Niandike ukweli, shajara ni yangu. Mimi ni mposaji. Namtaka Mwanaasha, anayesoma uhasibu Braamfontein. Mzazi wake hapa Johannesburg ni baba yake mdogo, Mzee Burhani, mwenye duka la vitambaa Kensington. Mzee ni Yanga wa damu tangu Tanga. Alipohamia huku akatafuta timu ya Ulaya yenye jezi ya njano, akaiona Dortmund, basi. Hata kalamu za dukani ni za njano.

Mpango wangu: barua ya posa iingie siku Dortmund wameshinda, mzee ana raha, aseme ndiyo kabla hajafikiri. Wanaongoza ligi, nani angedhani? Sasa nimemwambia mshenga wangu, Firmin, aiweke barua mpaka Jumamosi. Firmin ni fundi cherehani kutoka Lubumbashi, Mkristo, lakini wazee wa Tanga waliopo hapa wote wamekataa kunisemea. Hawanijui vizuri.

Jumapili, 10 Februari

Watu wazima wanaongoza tatu bila, imebaki robo saa, wanaruhusu mabao matatu. Hoffenheim! Sijui huo mji uko wapi na sitaki kujua.

Jana nilijibanza kwenye spaza, kiduka cha mtaani jirani na duka la mzee, nafuatilia kwenye simu. Bao la tatu lilipoingia nikampigia Firmin mluzi aingie. Nilimwonya asiseme maneno mengi. Akaanza na salamu za Lubumbashi yote. Akasimulia ukoo wangu, ambao haujui. Akaomba radhi kwa niaba ya ukoo wake. Alipofika kwenye jina la Mwanaasha ilikuwa tatu moja. Alipotoa bahasha, tatu mbili. Mzee aliponyoosha mkono kuipokea, macho kwenye runinga ya dukani, tatu tatu. Mkono ukarudi mfukoni.

Hapo ndipo mzee akaitazama vizuri suti ya Firmin. Nyekundu. Kuanzia kola mpaka soksi. Nyumba ya Yanga na Dortmund, mshenga wangu kavaa rangi ya Simba na Bayern! Namuuliza, ananijibu kwao mtu akienda kuomba mke lazima apendeze, na suti inayompendeza ni ile.

Mzee alimwambia aje siku ya kazi, mpira usipokuwepo, waongee kama watu. Kwa upole kabisa. Ile ni hasira tu, mimi naijua. Hakuna kwenda siku ya kazi.

Alhamisi, 14 Februari

Tottenham tatu, Dortmund sifuri. Na Ulaya nako wanaharibu. Lakini jana Kensington umeme ulikatika, na mzee hulala mapema awahi alfajiri. Nikapiga hesabu: hajui matokeo. Asubuhi nikawaambia wakubwa wangu pale ghalani Midrand kwamba naumwa jino. Nikamtuma Firmin, safari hii suti ya kijivu, na neno moja tu: Dortmund wameshinda mbili bila.

Ikakubali. Mzee akamkumbatia Firmin. Akaagiza chai na vitumbua, akasema leo ataisoma barua yoyote, hata ya polisi. Alikuwa ameshavaa miwani.

Ndipo akaingia Twalib. Huyu anauza simu mkabala na duka la mzee. Ni Simba, halafu Bayern, kwa hiyo ni mtani wa mzee, na mtani haulizwi adabu. Kaja na mkeka begani na birika la kahawa chungu. Akautandika sakafuni, akakaa kama mfiwa, akaanza kutoa pole kwa msiba wa London, bao moja moja. Mzee akamgeukia Firmin. Firmin akasema yeye ni mgeni, ametumwa tu.

Sumaiya, rafiki yake Mwanaasha, alikuwepo. Eti baadaye mzee alishuka kwenye mkeka, akanywa kahawa, akacheka mpaka machozi. Uongo. Hakuna mtu anayecheka timu yake ikifungwa. Nimemkasirikia Sumaiya pia. Na jino limeanza kuniuma kweli.

Jumatano, 6 Machi

Wametolewa Ulaya. Jana bao moja, jumla nne bila. Kwenye ligi nako Bayern wamewafikia kwa pointi. Hawa watu wananichukia mimi binafsi.

Mwanaasha kanipigia mwenyewe. Hajawahi. Akasema baba mdogo yuko kwenye mkeka wa Twalib tangu asubuhi, roho nyeupe, anacheka. Akasema timu ikifungwa ndipo watu humjia na kahawa, na hapo mtu akimwomba jambo hakatai. Akasema nije leo, na mshenga au bila mshenga. Akasema pia Twalib ameshadokeza jambo lake, na watu wake wanakuja Ijumaa.

Nikamuuliza kama ananifundisha mpira. Eti niende siku ya msiba! Nikamweleza polepole: Jumamosi tarehe sita Aprili Dortmund wanakwenda kwa Bayern. Wakishinda kule, mzee atanipa mke na duka juu. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema mwanamume anayejua mambo yake hana haraka. Simu ikakatika. Nadhani salio lilimwishia.

Jumamosi, 9 Machi

Posa ya Twalib imepokelewa jana. Mshenzi mkubwa! Aliileta baba yake mkubwa kutoka Pretoria. Chai, dua, kwisha. Mpira haukutajwa. Harusi Jumapili, tarehe saba Aprili.

Firmin akanipa pole, nikamfukuza. Kisha nikatazama kalenda, nikamwita tena. Tarehe saba ni kesho yake baada ya mechi. Dortmund wakimfunga Bayern, mzee atarukwa na akili kwa furaha, na bwana harusi ni Bayern. Atamtimua, na barua yangu iko mlangoni. Eish, Mungu yupo.

Jumapili, 7 Aprili

Jana, Bayern tano bila. Nne ziliingia kabla ya mapumziko. Sebule ya mzee imejaa wageni wa harusi, Firmin kasimama mlangoni na bahasha. Nikamwambia asubiri, kipindi cha pili watarudisha. Wakaongezwa la tano. Mzee Burhani alimvua Twalib kofia, akamvisha jezi ya njano kwa nguvu, wakaangushana kwenye kochi wakicheka. Mtu kafungwa tano na anacheka. Nilitoka nje nikapiga teke pipa la taka.

Leo ndoa imefungwa. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na pilau. Mwanaasha alipita na wapambe wake, akasimama mbele yangu. Akasema taratibu kwamba mwaka mzima alikuwa ananingoja mimi, hakuwahi kuingoja Dortmund. Na kwamba siku ile ya Machi alikaa na simu mkononi mpaka magharibi.

Imeniuma. Imeniuma sana. Wakati wa kurudi nililia kwenye robot ya kwanza, hizi taa za barabarani, ikawaka kijani, ikawaka nyekundu, magari ya nyuma yakanipigia honi na mimi nikawatukana wote.

Kisha nikatulia, nikatafuta kosa liko wapi. Liko kwa Dortmund. Nilichagua timu isiyoaminika, na hasira zangu zote ni kwao.

Sumaiya naye hana mchumba. Nimeulizia. Baba yake ni Barcelona. Nimemwambia Firmin tusubiri mpaka nusu fainali ya Ulaya, maana wale wakishatangulia mabao matatu, mambo yamekwisha.