Fundi Asiye na Tatizo

Habari iliyolitikisa benchi la kahawa asubuhi hiyo haikutoka redioni. Ililetwa na Spika, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kulala njaa.

"Pindo, umekatwa! Shirika lililotupa mafunzo ya ushonaji linagawa cherehani kesho, wewe humo."

Fundi Pindo alishusha kikombe taratibu, kama anayeshusha bendera. Cherehani yake ilikuwa kongwe kiasi kwamba ilikohoa kabla ya kila mshono. Mwaka mzima alikuwa akiiota ile mpya, ya umeme.

"Kapewa nani?"

"Shemeji yako wa pale kona."

"Yule aliyeshona suruali ya mguu mmoja?"

"Huyo huyo! Jaribio la mwanzo kashona mguu mmoja, la mwisho miwili. Maendeleo hayo! Wewe je? Siku ya kwanza tu ukashona koti."

"Lilikuwa koti zuri."

"Ndiyo kosa lako! Umekwenda hospitali mzima, unanuna hukupewa dawa?"

Mama Kahawa alicheka hadi birika likayumba. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe baba, mgeni kafika kakukuta umeshapona!"

Mara akatokea mratibu wa mradi, beji kifuani imemtangulia. Spika akawa mpole ghafla.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Fundi, nakuheshimu sana, lakini sisi tunatatua matatizo. Wewe huna tatizo."

"Cherehani yangu ni tatizo, bwana."

"Hilo ni tatizo la vifaa. Mradi wetu ni wa ujuzi."

"Mbona mnagawa vifaa?"

"Kwa waliokuwa hawana ujuzi." Mratibu akatazama huku na huku, akainama. "Sikia. Turudie jaribio lako la mwanzo. Shona kitu kibovu sasa hivi, nikipige picha. Jioni ushone kizuri. Utakuwa umeendelea."

Pindo akaketi kwenye cherehani yake, hatua chache kutoka benchini. Kushona vibaya kukamtoa jasho kuliko suti ya bwana harusi. Kila alichokusudia kukipinda, vidole vilikinyoosha.

"Pinda!" Spika alifoka nyuma yake. "Pinda zaidi! Uzuri utaula?"

Hatimaye shati likazaliwa: mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, kola imelalia bega, vifungo mgongoni. Pindo alifumba macho kwa aibu.

"Baya kabisa!" mratibu akashangilia, simu juu. "Hongera sana, fundi!"

Kabla hajapiga picha, msichana mmoja mpita njia akasimama.

"Fundi, shati hili umelibuni mwenyewe?"

"Nisamehe, mwanangu. Hili limeharibika."

"Limeharibika wapi? Nishonee kama hili. Na wenzangu wote, tuna sherehe Jumamosi."

Mratibu akarudisha simu mfukoni, uso umemshuka kama wa mfiwa.

"Fundi, sasa nikusaidieje? Hata ubovu wako una soko."

Pindo hakumsikia. Alikuwa ameshavuta futi shingoni.

"Mwanangu, mkono mfupi unautaka kulia au kushoto?"