Sandwichi ya Vietnam Nyuma ya Nguzo

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani hapa Kiseke, na midomo bado inawaka moto.

Kwanza mjue hali yangu. Jumamosi hii wazee wangu wanakwenda Igogo kwa kina Kabula, mchumba wangu, kumalizia mambo ya posa. Miaka mitatu namfuatilia binti huyu! Na sisi Wasukuma tuna heshima zetu (msiojua, kaeni mjue): mtu hali mbele ya mama mkwe wake. Na mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Mkikutana njiani, mnapishana kwa adabu, macho chini. Sasa uonwe naye ukiwa na tonge shavuni? Hiyo itasimuliwa kwenye vikao vyote vya ukoo.

Haya. Mchana nikaenda supamaketi kununua balbu. Balbu moja tu! Kule juu kwenye sehemu ya chakula nikaona bango: sandwichi ya Vietnam, elfu tatu na mia tano. Nikasema kwa bei hiyo, acha nami nifike Vietnam.

"Niweke pilipili?" dada wa kaunta akauliza.

"Weka."

"Ni kali, kaka."

"Dada, we weka. Mimi nimekulia Mwanza."

(Sijui Mwanza na pilipili vinahusiana nini. Ujuaji tu.)

Nikapewa mkate mrefu wenye ganda gumu. Ndani kuku, karoti za siki, matango, kotimiri, na zile pilipili zimejilaza kimya kimya. Nikauma. Kraaa! Watu wa meza ya tatu wakageuka. Makombo yakanijaa kifuani. Lakini siwafichi, ilikuwa tamu! Nikaongeza tonge la pili, la kishamba kabisa, karibu nusu ya mkate ikaingia.

Hapo pilipili ikafika. Na hapo hapo nikainua macho, nikamwona mama yake Kabula anatoka kaunta, amejitanda kitenge, anakuja upande wangu.

Kumeza siwezi, tonge kubwa. Kutema siwezi, watu wananiangalia. Nikanyanyuka na sandwichi yangu, nikajibanza nyuma ya nguzo iliyo karibu na friji la soda. Machozi yananitoka. Kamasi nazo zikaja kuona kuna nini. Nikijaribu kutafuna, kraaa! Ikabidi nisubiri mkate ulainike wenyewe mdomoni. (Mwanaume wa miaka thelathini na moja, ninayetaka kuoa, nasubiri mkate ulainike.)

Nikachungulia kulia. Hayupo! Nikashukuru Mungu, nikazunguka nguzo kwa kushoto ili nikimbilie ngazi.

Tukakutana uso kwa uso.

Mama Kabula alikuwa amejibanza kwenye nguzo hiyo hiyo, upande wa pili. Kitenge kimepanda mpaka puani. Shavu moja limevimba. Mkononi ana sandwichi ya Vietnam, imeumwa. Kumbe aliniona mapema, naye akakimbia kujificha asije akaonwa na mkwewe anakula!

Adabu ikanituma kabla ya akili. Nikafungua mdomo nimwamkie. Jamani, haikutoka shikamoo. Ilitoka karoti, ikaenda kutua begani kwake. Naye, mama wa watu, akajitahidi kuitikia marahaba, akapaliwa, akapiga chafya moja nzito. Kotimiri ikanikaa kwenye nyusi.

"Kaka, si umpe mama yako maji!" dada wa kaunta akapiga kelele.

"Si mama yangu!" nikasema.

"Si mwanangu!" mama naye akasema, kwa wakati mmoja.

Nikakwepa kushoto, naye kushoto. Nikakwepa kulia, naye kulia. Wote tunatazama sakafu kwa heshima! Mwisho akapita yeye, akashuka ngazi kwa kasi ambayo sikujua wakwe wanayo. Mimi nikakimbilia chooni, nikaweka ulimi chini ya bomba.

Saa kumi Kabula akapiga simu. Nikajua posa imekufa. Nikapokea.

"Mama kaniagiza nikwambie kitu," akasema.

"Sema tu, Kabula. Nimejiandaa."

"Eti leo hajatoka nyumbani. Kutwa nzima. Hata sielewi kwa nini anataka ulijue hilo."

Nikakaa kitandani. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Mwambie hata mimi sijatoka."

"Sawa. Halafu anauliza, Jumamosi wazee wanafika saa ngapi?"

Nimeruka juu mpaka mwenye nyumba kagonga ukuta! Kwa hiyo ndugu zangu, mama mkwe hajatoka nyumbani leo, na mimi sijatoka nyumbani leo. Na nyinyi hapa hamjasoma kitu.