Mimea Thelathini na Mmoja, Jina Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Kila nikiamka nageuza kichwa kuhakikisha yupo. Yupo. Anakoroma. Anakoroma vizuri!

Kwenye chai kanieleza kazi yake. Anaandika vibao vya majina ya Kilatini kwenye bustani ya mimea. Kumbe mmea mmoja waweza kuwa na majina matatu! Wataalamu wameukuta sehemu mbalimbali, kila mmoja akaupa jina bila habari za mwenzake. Jina lililotangulia ndilo hushika, mengine yanabaki visawe. Nikamwambia basi na yeye anavyo: mpenzi, muhibu, laazizi, mahabubu, kipenzi. Majina matano, mume mmoja!

Wifi yangu, dada yake, akadakia kutoka nyuma ya ukuta wetu wa mbao kwamba mpenzi wa mtu na mume wa mtu wanaweza kuwa watu wawili. Husuda tu.

Ijumaa Mkurugenzi anakagua bustani. Akiridhika, laazizi anathibitishwa kazini na tunapewa nyumba ya bustanini. Vyumba viwili! Kuta za matofali! Siwezi kukaa mikono kifuani.

Jumanne, 4 Machi

Nimempelekea chakula cha mchana. Amechoka, maskini. Kagundua mmea wa kitalu cha nne na wa kitalu cha tisa ni mmea ule ule, vibao viwili tofauti. Anahisi ipo mingine. Lakini kila mmoja lazima aulinganishe na kadi za zamani zilizofungiwa kwenye makabati kumi na moja. Kazi ya miezi!

Kadi za nini? Mimi nimemaliza kidato cha nne. Cha kwanza kikiwa sawa na cha pili, na cha pili kikiwa sawa na cha tatu, basi cha kwanza ni sawa na cha tatu. Na macho ninayo.

Jumatano, 5 Machi

Muhibu katumwa safari ya kikazi, anarudi kesho jioni. Nafasi ndiyo hii! Mlinzi wa getini huniita Bibi Harusi, kaniruhusu bila swali.

Nimeanza kitalu cha nne. Mmea wake unafanana na wa kitalu cha tisa. Wa tisa na wa kumi, majani yale yale. Wa kumi na jirani yake, shina lile lile. Kufika saa sita, mimea kumi na miwili. Kufika saa kumi, thelathini na mmoja! Wa kwanza una miiba, wa mwisho hauna, ila kila mmoja unafanana na jirani yake. Ningekata wapi?

Nimechagua jina la kibao chenye kutu nyingi kuliko vyote. Bila shaka ndilo lililotangulia. Nimeshaanza kupaka vibao rangi.

Wifi kaona rangi kwenye kiwiko changu, akanibana mpaka nikasema. Akasema kama kufanana kunatosha, basi siku ya harusi mimi na yeye tulikuwa mtu mmoja, maana tulisukwa nywele mtindo mmoja. Mungu aepushie mbali!

Alhamisi, 6 Machi

Nimemaliza! Majina yote ya zamani nimeyafunika kwa rangi nyeupe, nikaandika lile moja kwa mwandiko wangu bora. Mlinzi kauliza kama ule wa miiba na ule wa maua ya njano ni ndugu. Nikamwambia si ndugu, ni yule yule. Akavua kofia.

Ijumaa, 7 Machi

Nilijibanza nyuma ya ua wa miti kushuhudia utukufu wetu.

Mkurugenzi alisoma kibao cha kwanza kwa sauti. Cha pili pia. Kwenye cha sita akarudi kukitazama cha kwanza. Kwenye cha kumi na nane akafuta miwani. Akauliza nani kafanya haya. Mume wangu akatazama ule mwandiko, akasema ni yeye. Shujaa! Ningevumiliaje? Nikachomoza majanini nikakiri, nikaeleza na hesabu zangu. Mkurugenzi akasema kwa njia hiyo mtu angeanzia kwa paka, afananishe, afananishe, mpaka afike kwa mkurugenzi.

Hukumu: wiki moja. Kila mmea urudishiwe jina lake kutoka kwenye kadi. Laazizi akishindwa, kazi hana, nyumba hatuna.

Njiani hakunigombeza. Alinishika mkono, akasema afadhali kadi zimefungiwa salama. Nimelia kwa mapenzi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeapa: vibao sigusi tena! Nitamsaidia kwa mambo ya nyumbani tu.

Kipenzi kaenda kununua rangi. Nikawa napiga pasi suruali yake ya kazi. Mfukoni, rundo la funguo linalotoboa kitambaa. Kumi na moja! Nikazilinganisha. Wa kwanza na wa pili, meno yale yale. Wa pili na wa tatu, hivyo hivyo. Mpaka mwisho! Nimebakiza uliochakaa kuliko zote. Kumi nimempa mnunuzi wa vyuma chakavu, kaondoka na baiskeli yake sasa hivi.

Wifi kasimama mlangoni, mikono kichwani, ananistaajabia. Ushindi!

Namsikia mahabubu getini, anapiga mluzi. Mfuko wake utakuwa mwepesi kama nini!