Azimio la Kumpongeza Shangazi Mozelle

Jumatatu, 7 Oktoba
Shangazi Mozelle ametimiza miaka themanini na mitatu leo na amenuna. Keki hakuigusa. Wilaya imemwarifu kwamba kituo chake cha kupigia kura, ukumbi wa kanisa letu la Mlima Nebo, kimefungwa. Sasa aende mji wa Harmon, karibu saa nzima kwa gari, na gari hana. Nikamshauri apige kwa posta. Kosa! Akasema hakukanyagwa na farasi wa polisi akiwa binti, akiandamana kudai kura, ili leo aje kulamba bahasha jikoni. Anataka aonekane akiingia. Asipoingia safari hii, anasema, haoni ataingia lini tena.

Sheria iliyofunga vituo vidogo ni ya mbunge wetu wa jimbo, Mheshimiwa Harlan Stubblefield. Nimeichimba rekodi yake mchana kutwa, wateja wakisubiri niwatengenezee mashine zao za kukatia nyasi. Inavutia ajabu! Alikiondolea kiwanda cha kuku wakaguzi, kijikague chenyewe. Tangu hapo kisima cha shangazi kinanuka. Alikataa sheria ya kuwalinda wapangaji wanaonyimwa nyumba kwa rangi yao, akisema serikali isiingilie hisia za mwenye nyumba. Lakini kinyozi asiye na leseni, huyo apigwe faini. Kwa nini vinyozi? Nikaendelea kuchimba. Shemeji yake ana chuo cha unyozi.

Jumatano, 9 Oktoba
Mkutano kanisani. Shemasi Lucius Pettway anataka tukusanye sahihi. Sahihi! Nikasema nina njia bora, ila ni ya siri. Akauliza kama ni ndugu wa ile siri yangu ya kufuga kambare kwenye bwawa la kuogelea la Mchungaji. Watu wakacheka kupita kiasi.

Siri yenyewe ni hii. Wabunge wetu husoma maazimio ya pongezi bungeni: ndoa ya miaka hamsini, kijana hodari wa mpira, bibi mzee wa kanisa. Mtu yeyote anaweza kupeleka rasimu. KWA KUWA hivi, na KWA KUWA vile, kisha makofi. Swali linaloniwasha: je, mbunge huipitia kabla ya kuisoma?

Ijumaa, 11 Oktoba
Jaribio. Nimemsomea mke wangu Oleta, kwa sauti, maelekezo ya mashine ya kukatia nyasi, huku nikiwaza kambare wa kukaanga. Ukurasa mzima. Sikusikia hata neno! Oleta naye hakusikia, ila anasema hilo halithibitishi kitu, ana uzoefu wa miaka ishirini.

Nimeandika. Mwanzo keki ya siagi ya shangazi na wale farasi wa polisi, mwisho kwaya. Katikati, kama mwiba ndani ya samaki: “na KWA KUWA Bi. Mozelle Hargrove amepiga kura Mlima Nebo tangu watu weusi waliporuhusiwa kuukaribia mlango, hadi sheria ya Mheshimiwa Stubblefield ilipoufunga. Na KWA KUWA kisima chake kilikuwa kitamu hadi Mheshimiwa huyohuyo alipowafukuza wakaguzi wa kiwanda. Basi IAMULIWE kwamba anastahili kurudishiwa vyote viwili.” Nimeipeleka.

Alhamisi, 17 Oktoba
Simu kutoka ofisi ya Mheshimiwa! Nimekwisha. Kumbe msaidizi wake alitaka kujua kama keki ni ya siagi au ya limau, maana Mheshimiwa hapendi makosa. Nikasema siagi. Akanipa tarehe.

Jumanne, 22 Oktoba
Bungeni. Shangazi juu ya jukwaa la wageni, kofia ya zambarau, kama malkia. Sikuwa nimemwambia. Mheshimiwa akasimama. Sauti yake ni asali, lazima niseme. Akasoma keki. Akasoma farasi. Nikashika kiti. Akasoma “hadi sheria ya Mheshimiwa Stubblefield ilipoufunga” kwa upole uleule aliosomea keki! Hakupepesa. Mbunge mmoja alikuwa anakula karanga, wengine wanatazama simu. Wakapitisha bila hata mmoja kupinga. Makofi!

Hakuna aliyesikia. Niliwatega watu wasio na masikio. Baadaye Mheshimiwa akaja kumkabidhi shangazi azimio ndani ya fremu na kupiga picha nasi, ananukia peremende, akaniuliza magoti yangu yanaendeleaje. Alijuaje magoti yangu? Nikatabasamu. Nilitabasamu mno.

Jumamosi, 26 Oktoba
Vipeperushi vya kampeni kila nyumba ya wilaya. Mbele: Mheshimiwa, shangazi, na mimi nimekenua meno yote. Chini: FAMILIA YA HARGROVE IKO NA STUBBLEFIELD. Shemasi Pettway amebandika kimoja kwenye mlango wa karakana yangu. Ananiita “Mheshimiwa mdogo” na anauliza mtu wa kawaida akitaka kuniona apitie ofisi gani.

Nikaenda kumwomba radhi shangazi. Akaniambia ninyamaze, kwani yeye alisikia kila neno. Akaliondoa azimio ukutani, na fremu yake, akalifunga kwenye kitambaa cha kufutia vyombo.

Jumanne, 29 Oktoba
Tume ya uchaguzi ya wilaya. Wote marafiki wa Mheshimiwa. Nilikuwa na hotuba. Shangazi akanikalisha. Akampa mwenyekiti azimio, akamwomba asome kwa sauti, maana macho yake hayana nguvu tena. Uongo mtupu, anaona sindano gizani! Mwenyekiti akasoma, akapunguza mwendo, akasoma tena. Shangazi akamuuliza: “Mwanangu, Bunge zima limekubali hayo, na Mheshimiwa ndiye aliyeyasoma. Wewe unabisha?”

Mwenyekiti akatoka kupiga simu. Tulimsikia Mheshimiwa akifoka simuni hadi ukumbini. Lakini afanyeje? Aseme hakusoma alichokisoma, na picha iko kila nyumba? Ukumbi wa Mlima Nebo utafunguliwa, uchaguzi huu tu. Kisima, bado.

Jumanne, 5 Novemba
Siku kuu! Nimekuwa nje ya ukumbi tangu asubuhi nikiwasimulia watu nilivyomweka sawa Stubblefield. Shangazi aliingia polepole, barabara nzima ikimtazama. Pettway alivua kofia. Nilisimulia kisa mara nyingi, kila mara kikiwa kitamu zaidi, hadi mlinzi alipofunga mlango na kuniomba nihame kwenye ngazi.

Jumatano, 6 Novemba
Stubblefield ameshinda, kwa mbali. Wakati wa kifungua kinywa shangazi akauliza mimi nilipiga kura saa ngapi.

Oleta akaacha kukoroga uji wa mahindi.

Sasa niko karakanani, nimefunga mlango. Nimefikiri kwa makini. Tatizo la wilaya hii ni kukosa mtu makini. Miaka miwili ijayo nagombea mimi. Nimeshapata na kaulimbiu: HARGROVE HASAHAU.