Rota ya Gari Langu Iliyochukuliwa Msibani

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Bi. Mwanamkuu,
Ng'ambo, Tabora.

Marahaba. Najua ungeniamkia, nimeitikia mapema tusipoteze karatasi.

Mimi ndiye mwenye gari la mbio pekee mtaani, milango miwili, la mwaka sabini na mbili, na halijanishinda hata siku moja. Hilo la mwisho si kweli. Leo ni siku ya ishirini na tatu limenishinda, na Jumamosi lazima limpeleke mjukuu wangu Najiat harusini kwake, Igalula. Nimeshaahidi mbele ya wakwe, na wakwe wameshaanza kucheka. Kwa hiyo namlalamikia Idrisa, fundi cherehani, mtani wangu wa Kizaramo.

1. Siku tuliyomzika kaka yangu, Idrisa alivaa koti la marehemu, akakohoa kama marehemu, akajilaza juu ya boneti ya gari langu akisema haondoki bila urithi. Hata wajane walicheka. Kumbe alipoinuka aliifungua hiyo boneti, akaondoka na rota, kile kidude kidogo ndani ya distributa kinachogawa moto kwenye plagi.

2. Mimi sikujua. Gari lilipogoma nikabadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikanunua betri, nikamtukana aliyeniuzia petroli, naye ni mcha Mungu. Siku ya tisa ndipo nikafungua distributa. Mle ndani tupu.

3. Nimetafuta rota nyingine njia nzima hadi pwani. Kigwa nimepewa ya trekta. Dar es Salaam wameniuliza kama gari hilo lipo au nimeliota. Masanja seremala amenichongea ya mninga, kaipiga msasa na vanishi, lakini moto haupiti kwenye mti. Nimeiweka kabatini, wageni wanaisifu.

4. Nilipomfuata Idrisa alikataa kuirudisha. "Nyie Wanyamwezi pwani mlifika kwa miguu," akasema, "gari la nini?" Kumshtaki siwezi. Mtani hashtakiwi.

5. Basi, kwa kuwa msibani mtani hubeba anachotaka, naomba ofisi yako itangaze kwa kipaza sauti kwamba Idrisa amefariki. Ijumaa asubuhi inatosha. Tutafunga turubai, tutapika wali, nami nitaingia kwake nikilia na kutoka na rota. Mwenyewe anaruhusiwa kuhudhuria, mradi asiongee. Baada ya adhuhuri utatangaza kwamba amepata nafuu.

Wasalimie wajumbe wote, mumeo, na yule karani wako asiyeitikia salamu.

Ni mimi mzee wako, ninayekutii kila tunapokubaliana,
Yahaya Kapembe

Nimesahau: Huko kukataa kwa Idrisa ni hivi. Anataka jogoo mmoja wa kukombolea, kama ada ya utani ilivyo. Rota kaifunga kwenye kitambaa safi, iko juu ya meza ya cherehani, naiona kila nikipita. Jogoo nilikuwa naye. Tulimla Jumapili, nikiwa naandika namba tano. Sasa, mwanangu, ulipokuja kwangu kuomba kura ulikula kuku, na firigisi ukaila wewe, mimi mwenye nyumba nikitazama. Naomba unirudishie. Awe jogoo, na umpeleke kwa Idrisa moja kwa moja, maana akipita hapa kwangu sijiamini.